Je, Filamu Ikikosea Mashine Imesema Uongo?

Mwezi uliopita nilikaa na mpwa wangu kutazama WarGames, filamu ya mwaka 1983 iliyoongozwa na John Badham. Yeye anasomea kompyuta chuoni. Mimi niliwahi kufanya kazi ya kompyuta enzi zile ambazo ukijua kuiwasha tu unaitwa mtaalamu. Nilitegemea tungetazama kimya kimya. Wapi! Kila baada ya dakika kumi kijana alikuwa anashika rimoti.

"Anko, hapo wametupiga changa la macho."

Anaeleza kosa, tunacheka, tunaendelea. Filamu ilipoisha alikuwa amehesabu makosa kumi na mawili, na manne kati ya hayo nilimsaidia mwenyewe kuyapata. Alikwenda kulala akiwa ameridhika. Mimi nilibaki sebuleni na swali ambalo limenisumbua hadi leo: hivi tulipokuwa tunacheka, tulikuwa tunacheka nini? Na filamu ya zamani ikituonyesha kompyuta ambayo haikuwahi kufanya kazi namna ile, imetudanganya, au imetumia tu haki yake ya hadithi?

Kwa ambaye hajaitazama, kisa ni hiki. David Lightman ni mwanafunzi wa sekondari mjini Seattle. Ana kompyuta chumbani, na ameiagiza ipige namba zote za simu za eneo moja la California, moja baada ya nyingine, ikitafuta kompyuta ya kampuni inayotengeneza michezo. Anaangukia kompyuta nyingine asiyoijua. Anapekua maisha ya Profesa Falken, aliyeitengeneza, na kugundua kwamba nenosiri ni jina la mtoto wa profesa huyo aliyefariki. Anaingia, anachagua mchezo wa vita vya nyuklia, anajiweka upande wa Umoja wa Kisovieti na kuanza kurusha makombora ya kuigiza. Asichojua ni kwamba anacheza na kompyuta ya NORAD, kituo cha ulinzi wa anga kilichochimbwa ndani ya mlima Cheyenne huko Colorado, na kwamba kompyuta hiyo imekabidhiwa makombora ya kweli.

Sasa tuje kwenye makosa.

La kwanza alilolitaja mpwa wangu halikuwa kosa. Aliona kompyuta ya David, sanduku lenye safu ya swichi usoni, akasema mwaka 1983 hakuna kijana ambaye angetumia kitu kama kile. Ile ni IMSAI 8080, mashine iliyotoka mwaka 1975. Ni kweli kwamba mwaka 1983 tayari kulikuwa na kompyuta za Apple, IBM na Commodore zilizokuwa rahisi kuliko ile. Lakini hebu fikiria: mtoto wa shule asiye na hela anajifunzia wapi? Anajifunzia kwenye kilichoachwa na wenzake. Kompyuta ya miaka minane iliyopitwa na wakati ndiyo hasa ambayo kijana wa namna ile angekuwa nayo. Sisi wengine tulijifunzia kwenye mitumba ya ofisi za watu, kwa hiyo hilo nililitambua haraka. Nikampunguzia alama moja.

La pili lilikuwa kosa kweli. David anaweka mkono wa simu juu ya kifaa chenye vikombe viwili vya mpira. Kifaa cha namna hiyo kinasikiliza na kutoa sauti kupitia mkono wa simu, basi. Hakina namna ya kukata simu na kupiga namba nyingine. Kupiga ni kazi ya kidole cha mtu. Lakini kwenye filamu kompyuta inajipigia yenyewe namba moja baada ya nyingine huku David ameondoka zake. Modemu za kujipigia zilikuwepo sokoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 80, ila zilichomekwa moja kwa moja kwenye waya wa simu. Zilikuwa kisanduku tu, hazina mvuto machoni. Waliotengeneza filamu wakataka mtazamaji aone kwamba simu imeingia kwenye kompyuta, kwa hiyo wakamwonyesha simu.

La tatu ni namba za siri za kurushia makombora. Kompyuta inazitafuta herufi kwa herufi, na kila inapopata moja, herufi hiyo inatulia kwenye skrini huku nyingine zikiendelea kuzunguka. Mpwa wangu alichukua karatasi kunionyesha. Namba hiyo ya siri ina nafasi kumi, na kila nafasi inaweza kuwa herufi au tarakimu, jumla alama 36. Kama mfumo unakubali au kukataa namba yote kwa pamoja, kama inavyopaswa kuwa, kuna uwezekano zaidi ya trilioni 3,600. Lakini kama kila nafasi inathibitishwa peke yake, unahitaji kujaribu mara 360 tu, na kompyuta inamaliza kabla hujapiga chafya. Yaani mfumo wa namna ile haungekuwa na siri yoyote.

La nne ni sauti. Nyumbani kwa David, kompyuta ya NORAD inazungumza kwa sababu David ameunganisha kisanduku cha kugeuza maandishi kuwa sauti. Sawa. Lakini mwishoni, ndani ya mlima, mbele ya majenerali, inazungumza kwa sauti ileile. Kisanduku kimefikaje huko?

La tano ni ukumbi wenyewe, wenye skrini kubwa kama za sinema zinazochora njia za makombora duniani kote. Chumba halisi cha NORAD cha wakati ule kilikuwa kidogo na cha kawaida kuliko kile. Mengine yaliyobaki yalikuwa madogo madogo.

Basi, hayo ndiyo mashtaka. Nani atakuwa hakimu?

Aristotle, katika kitabu chake kuhusu ushairi, alishughulikia swali hili kabla ya kompyuta kufikiriwa. Alisema makosa ya msanii ni ya aina mbili. Kuna kosa linalogusa sanaa yenyewe, na kuna kosa la bahati mbaya, la msanii kutojua jambo fulani la nje ya sanaa, liwe la udaktari au la maumbile ya wanyama. Mfano wake ni mchoraji anayemchora ayala jike akiwa na pembe. Ayala jike hana pembe. Lakini kwa Aristotle, kutojua hilo ni kosa dogo kuliko kumchora ayala vibaya hadi hatambuliki.

Nimeupenda mfano huu kwa sababu unatuondoa kwenye ubishi usio na mwisho. Filamu ya WarGames ina pembe pasipo na pembe, hilo halina mjadala. Kinachobaki ni kuuliza kama mnyama anatambulika. Na hapo ndipo mambo yalipoanza kunigeuka.

Chukua tukio ambalo mpwa wangu alilicheka kuliko yote. Mwishoni, ili kuizuia kompyuta isianzishe vita, wanaiambia icheze mchezo wa X na O dhidi ya yenyewe. Inacheza na kucheza, inagundua kwamba pande zote mbili zikiwa makini hakuna anayeshinda, kisha inalibeba somo hilo na kulipeleka kwenye vita vya nyuklia. "Mwaka 83 mashine inajifunza yenyewe? Anko, acha masihara."

Lakini mwaka 1961, miaka 22 kabla ya filamu hiyo, Mwingereza Donald Michie alitengeneza mashine iliyojifunza kucheza X na O kwa viberiti. Ndiyo, masanduku ya viberiti, 304. Kila sanduku lilisimama badala ya hali moja ya mchezo, na ndani yake mlikuwa na shanga za rangi, kila rangi ikiwakilisha hatua inayoweza kuchezwa. Unachomoa shanga bila kuchagua, unacheza hatua hiyo. Mashine ikishinda, unaongeza shanga za rangi zilizochaguliwa. Ikishindwa, unaziondoa. Baada ya michezo mingi masanduku yale yalikuwa yanacheza vizuri, bila waya hata mmoja. Kwa hiyo sehemu tuliyoiona ya ajabu kuliko zote ndiyo iliyokuwa na ukweli wa zamani kuliko zote. Kuruka kutoka X na O hadi hekima kuhusu vita, hilo ni la filamu. Kujifunza kulikuwepo.

Sasa chukua jambo zito zaidi, wazo lenyewe la filamu: kwamba mchezo wa kuigiza unaweza kuonekana kama vita vya kweli kwenye skrini za NORAD. Mtu akikusimulia hilo leo utasema ni hadithi ya vijana. Tarehe 9 Novemba 1979, asubuhi, skrini za NORAD na za vituo vingine vya kijeshi vya Marekani zilionyesha shambulio kubwa la makombora kutoka Umoja wa Kisovieti. Ndege za kivita zilirushwa. Ndege maalumu ya dharura ya rais ilipaa, rais mwenyewe akiwa hayumo. Waliokuwa zamu walilinganisha na rada na setilaiti, hazikuonyesha kitu. Ilikuja kubainika kwamba data za zoezi la majaribio zilikuwa zimeingia kwenye mfumo unaofanya kazi. Hakukuwa na mdukuzi wala profesa mwenye huzuni. Jaribio limekaa mahali pa ukweli, basi.

Tarehe 3 Juni 1980 ikatokea tena kwa namna nyingine. Tarakimu za makombora yanayokuja zikawa zinapanda na kushuka bila mpangilio. Siku tatu baadaye ikarudia. Chanzo kilikuwa chipu moja mbovu, bei yake senti 46 za dola. WarGames ilianza kuonyeshwa tarehe 3 Juni 1983, miaka mitatu kamili baadaye.

Na mlango ambao David anaupitia? Waandishi wa filamu, Lawrence Lasker na Walter Parkes, walikwenda kumuuliza Willis Ware, mhandisi wa taasisi ya RAND ambaye tangu mwaka 1967 alikuwa ameandika kuhusu hatari ya kompyuta zinazotumiwa na watu wengi kwa pamoja. Je, inawezekana kijana kuingia kwa simu kwenye kompyuta ya NORAD? Ware aliwaeleza kwamba mfumo unadhaniwa kuwa umefungwa, lakini wapo maofisa wanaotaka kufanya kazi kutoka nyumbani mwisho wa juma, kwa hiyo wanaacha njia wazi. Mwenye kuipata namba anaingia.

Tazama pia tukio dogo ambalo hatukulicheka. David anaifahamu nywila ya kompyuta ya shule yake kwa sababu imeandikwa kwenye karatasi ofisini, katika orodha ya maneno ambayo yote yamekatwa isipokuwa la mwisho. Anapelekwa ofisini kwa utundu wake, na akiwa huko anaisoma. Jamani, nani kati yetu hajawahi kuona karatasi hiyo? Mimi nimeiona imebandikwa chini ya kibodi, nimeiona kwenye ukuta nyuma ya kalenda. Vikombe vya mpira vimekwenda na wakati wake. Karatasi ipo hadi leo.

Kwa hiyo nikawa tayari kuiachia filamu huru. Pembe ziko mahali pasipo pake, ila mnyama anatambulika, tena sana. Rais Ronald Reagan mwenyewe alimtambua. Aliitazama filamu hiyo Camp David tarehe 4 Juni 1983, na siku chache baadaye, katikati ya kikao Ikulu, akawasimulia waliohudhuria kisa chake, kisha akamgeukia Jenerali John Vessey, mwenyekiti wa wakuu wa majeshi, na kumuuliza kama jambo kama lile linaweza kutokea kweli. Jenerali alikwenda kuuliza. Baada ya kama wiki moja alirudi na jibu kwamba hali ni mbaya kuliko rais anavyofikiri. Septemba 1984 Reagan alisaini agizo la kitaifa kuhusu usalama wa mifumo ya kompyuta ya serikali. Ni filamu ngapi za kweli tupu, zilizopatia kila swichi, zimewahi kufanya hivyo?

Lakini ukiendelea kuifuata filamu hiyo nje ya ukumbi wa sinema, unakutana na upande wa pili. Mwaka 1984 kamati ya Baraza la Wawakilishi la Marekani, ilipokuwa inatayarisha sheria ya makosa ya kompyuta, iliitaja WarGames kwenye taarifa yake kama picha halisi ya uwezo wa kompyuta binafsi wa kupiga simu zenyewe na kuingia kwenye mifumo. Angalia mchezo huo: jambo lilelile ambalo mpwa wangu ameliandika kama kosa namba mbili, watunga sheria waliliandika kama ushahidi. Na wote wana sehemu yao ya haki. Kifaa kilichoonyeshwa kilikuwa si chenyewe, uwezo uliosemwa ulikuwepo. Kiangazi kile cha 1983 vijana wa Milwaukee walikuwa wamegundulika kuingia kwenye kompyuta kadhaa, zikiwemo za maabara ya Los Alamos na za hospitali ya saratani huko New York. Hofu haikuwa ya bure.

Sheria iliyokomaa mwaka 1986 iliyafanya makosa mengi kutegemea swali la kama mtu alikuwa na "idhini" ya kuingia, neno ambalo limewachosha mawakili hadi leo. Mwaka 2011 Aaron Swartz, kijana aliyepakua makala nyingi za kitaaluma kupitia mtandao wa chuo cha MIT, alishtakiwa kwa makosa yaliyojumuisha sheria hiyo. Alijiua Januari 2013, akiwa na miaka 26, kesi haijasikilizwa. Sisemi filamu ilimuua. Nasema kwamba watu walitoka kwenye WarGames wakiwa wamemwogopa kijana aliye chumbani, wakati filamu yenyewe, ukiitazama vizuri, inawanyooshea kidole wazee walioacha mlango wazi na kuikabidhi mashine makombora. Kila mtu alibeba alichokuja kukitafuta.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba si kila kosa la kiufundi ni pembe za ayala. Kuna kosa linalobadilisha jibu la swali "nani anawajibika?" Hilo si dogo hata kama linapendeza machoni.

Zile herufi zinazotulia moja moja kwenye skrini zinatufundisha kwamba hatari huja kwa hatua, na ukiwa macho utaiona inakaribia. Mwaka 1979 hakukuwa na hatua. Skrini ilionyesha shambulio kama ambavyo ingelionyesha kama lingekuwa la kweli. Kile kisauti cha kompyuta kinatufundisha kwamba mashine ikikosea kuna mtu ndani yake, mwenye nia, ambaye tunaweza kubishana naye na hata kumwelimisha. Chipu ya senti 46 haina nia. Mbele yake wapo tu watu: waliotengeneza mfumo, waliouamini, na aliyeweka data za mazoezi mahali pasipo pake.

Nalijua hilo kwa sababu niliwahi kuwa mtu huyo.

Nilikuwa kijana, katika chama kimoja cha akiba na mikopo, kabla simu hazijawa benki. Tulikuwa na kompyuta moja. Nilipewa kazi ya kuwafundisha makarani wawili kuingiza mikopo. Ili wajifunze, nikahitaji mikopo ya mfano, na kwa uvivu tu wa kubuni majina nikatumia majina ya wanachama wa kweli. Nilikusudia kuifuta jioni. Niliifuta, nikasahau mmoja.

Baada ya miezi kama minne akaja mama mmoja muuza mchele kuchukua akiba yake, mjukuu wake anaenda kidato cha kwanza. Mhasibu akatazama skrini, akamwambia ana deni la shilingi 180,000, hawezi kutoa hela kabla hajalipa. Mama akasema hajawahi kukopa. Mhasibu akaigeuza skrini imwelekee, kana kwamba maandishi yale yangemshuhudia, akasema kwa upole kabisa, "Mama, kompyuta haikosei." Mama yule aliitazama skrini kwa muda. Kisha akasema, "Mwanangu, hii imeandikwa na mtu. Niitie huyo mtu aliyeandika."

Nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka pale. Niliiona namba ile na kuitambua palepale, kwa sababu mikopo yangu yote ya mfano ilikuwa ya 180,000. Sikuinuka. Nilikaa na jambo lile siku tatu, nikihesabu kazi nitakayopoteza, na siku ya nne nikamweleza mhasibu faraghani. Deni likafutwa. Mama akaitwa, akapewa hela yake, na akaelezwa kwamba "mtandao ulikuwa na shida." Kompyuta ile haikuwa imeunganishwa na mtandao wowote. Hata waya wa simu haukuifikia.

Mpwa wangu angeliweka hilo kwenye orodha yake: kosa la kiufundi, mtandao usiokuwepo. Na ndilo kosa ninalotaka kulizungumzia tangu mwanzo wa makala hii. Tulichagua maelezo ya uongo kuhusu mashine kwa sababu yalikuwa yanamtoa mtu kwenye picha. Mtu huyo alikuwa mimi. Kusema "mtandao" kulikuwa kosa la aina moja na kuipa kompyuta ya NORAD sauti: mashine inapata nafsi, binadamu anakwenda nyumbani kulala.

Ndiyo maana siku hizi nikitazama filamu ya zamani yenye kompyuta sianzi na swali la kama mashine ile ilikuwepo mwaka ule. Naliuliza baadaye, kwa sababu ni swali zuri na linafundisha mengi. Bila ubishi wa mpwa wangu nisingezikumbuka shanga za Michie wala ule waya wa modemu. Naanza na hili: filamu ikikosea, kosa lake linamficha nani? Mkono wa simu juu ya vikombe vya mpira haumfichi mtu. Ni pembe, na tucheke. Namba za siri zinazojifungua herufi kwa herufi zinaanza kuficha kitu. Kompyuta inayozungumza inaficha zaidi, ingawa najua bila sauti ile filamu ingekuwa nusu.

Ninalotaka kuiheshimu WarGames kwa dhati ni dakika zake za mwanzo, ambazo hazina kompyuta ya kuvutia hata moja. Maofisa wawili wako chini ya ardhi, kwenye kituo cha makombora. Amri ya kurusha imekuja na taratibu zote zimethibitishwa. Kinachobaki ni kila mmoja kuzungusha ufunguo wake. Yule mkubwa anasita. Kabla hajaua mamilioni ya watu anataka kwanza mtu kwenye simu, amsikie. Mwenzake anamnyooshea bastola. Baadaye inaelezwa kwamba lilikuwa jaribio tu, na kwamba zaidi ya mmoja kati ya watano walikataa kuzungusha. Wakubwa wanaona hilo ni kasoro. Dawa yao ni kuwaondoa watu na kuweka kompyuta.

Filamu ikiwa bado haijamaliza miezi minne tangu itoke, usiku wa tarehe 26 Septemba 1983, Luteni Kanali Stanislav Petrov alikuwa zamu katika kituo cha tahadhari karibu na Moscow. Mfumo ukamwambia Marekani imerusha kombora moja, kisha mengine, jumla matano. Akafikiri kwamba hakuna anayeanzisha vita vya namna ile kwa makombora matano. Akatoa taarifa kwa wakubwa wake kwamba ni tahadhari ya uongo. Ilikuwa mwanga wa jua uliogonga mawingu na kuidanganya setilaiti. Petrov hakuwa ameitazama WarGames, na waandishi wa WarGames hawakumjua Petrov. Habari zake zilikuja kujulikana miaka mingi baadaye. Lakini yule ofisa wa dakika za mwanzo, anayesita, ndiye yeye. Hapo filamu haikukosea mashine wala mtu.

Ofisa wa filamu alitaka mtu kwenye simu. Mama muuza mchele alitaka aitiwe mtu aliyeandika. Wote wawili walijua jambo ambalo mimi na mhasibu, pamoja na kompyuta yetu, tulijifanya hatulijui.

Juzi nilimsimulia mpwa wangu kisa hiki cha chama, kwa mara ya kwanza. Sikumsimulia mtu mwingine kabla yake. Alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akauliza kama yule mama aliwahi kuambiwa ukweli. Nikasema hapana. Akauliza kama bado yupo pale sokoni. Nikamwambia sijawahi kurudi kumtazama.

"Sasa Anko," akasema, "unasubiri nini?"